Kopo la Maziwa Walilosema ni Fonie

Mujukuu wangu anapiga gitaa ya umeme mu orkestra ya roki, kule Goma. Watu wanatoka hata Bukavu kuja kumusikiliza. Mimi masomo yangu yaliishia chini kabisa, lakini huyu mutoto njo mimi koko yake, bibi yake, nilimulea, kwa hiyo naweza kusema habari zake.

Alianza mu korali ya kanisa letu, Nyabiondo. Wakamufukuza, maana alikuwa anapiga kwa nguvu mpaka muhubiri anapoteza mustari. Akatafuta wenzake, wakafanya ngoma za mapipa ya mafuta, wakaenda mpaka Bisie kupigia wachimbaji wa madini. Njia ya kule ilikuwa ya miguu tu, ndani ya pori. Walibeba spika mugongoni kama vile wengine walivyobeba gunia za mawe. Wachimbaji waliipenda ile kelele. Muntu anayeshinda na nyundo hasumbuliwi na kitu.

Kama orkestra haina kazi, yeye hakukaa bure. Alichonga gitaa kwa mbao za masanduku, nyuzi akazitoa mu kamba za freni, zile za kusimamisha pikipiki. Alitengeneza mikro ya kanisa, ile ya kupaza sauti ya muhubiri, kanisa lile lile lililomufukuza. Alizungukia wamama wazee akiwaomba nyimbo za kupiga maharagwe, zile tunaimba tukiyapiga na fimbo ili yatoke mu maganda, naye akazitafuta kwenye gitaa. Nilimuambia, "Wimbo wa maharagwe unataka maharagwe." Akacheka tu.

Kisha akatengeneza kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, ndani akajaza waya na vipande vya radio zilizokufa. Sauti ya gitaa ikipita mule inatoka imechubuka, kama mabati yanaburutwa juu ya mawe.

Hilo kopo njo lilimukamatisha. Wakati ule wa vita barabara ya Walikale ilikuwa barieri juu ya barieri, askari wamefunga njia kila mahali. Alikuwa anarudi kutoka kupiga mu harusi, askari wakafungua mufuko wake, wakaona waya. Wakasema ni fonie, ile radio wenye silaha wanaongelea kutoka mulima huu mpaka ule. Raia akikutwa na fonie ni mupelelezi, na wapelelezi hatukuwa tunawaona tena.

Dereva wa pikipiki alinikuta shambani, akaniambia wamemushika, akanipeleka kule. Mujukuu wangu alikuwa amekalishwa chini mbele ya shule, bila viatu, gitaa yake kando. Komanda wa wale askari alikuwa kwenye kiti cha mwalimu, kopo juu ya goti.

"Koko, hii iko nini?"

"Kopo la maziwa."

"Na ndani?"

"Ndani iko wazimu wa mujukuu wangu."

Hakucheka. Akaamuru walete spika na batri ya pikipiki, kijana aonyeshe. Mujukuu wangu akaunga waya, akapiga. Ile sauti ya mabati ikalia. Kuku wa shule wakakimbia.

Askari wa barieri akasema, "Si nilisema, mukubwa? Hii ni fonie, inatafuta mwenzake."

Komanda akanigeukia. "Koko, wewe ni muntu muzima. Huu ni muziki?"

Mujukuu wangu aliniangalia. Alijua mimi sijui kupaka mafuta maneno.

"Ni muziki mubaya," nikasema. "Lakini ni muziki. Fonie inaongea na muntu. Hii haiongei hata na mimi."

"Basi apige muzuri."

Nikaokota fimbo, nikapiga chini, nikaanza wimbo wetu wa maharagwe. Sauti yangu ilikuwa kavu. Alichelewa kidogo, halafu akaingia nyuma yangu, na kopo lile lile, na waya zile zile. Askari wale walizaliwa na wamama wanaolima. Mumoja akaitika. Wa pili akaitika. Yule wa barieri alikaza mudomo, lakini muguu wake ulikuwa unafuata fimbo.

Komanda akaacha tumalize. "Chukua mutoto wako. Kopo linabaki."

Mujukuu wangu akafungua mudomo kudai kopo lake. Nikamukanyaga muguu, akafunga.

Barieri zilikuwa bado zingine mbele. Nikakusanya kuni kando ya barabara, nikaweka gitaa katikati, nikafunga, nikatia mukaba wa kubebea muzigo kwenye paji la uso. Kuni za mwanamuke muzee hakuna anayezifungua. Yeye alitembea nyuma, mikono mitupu. Tulipopita barieri ya mwisho njo akasema:

"Koko, ulisema muziki wangu ni mubaya."

"Nilisema."

"Mbele ya watu wote."

"Uko hai?"

Alipokuja kunitua muzigo, alitoa gitaa kwanza, akaigeuza kuangalia kama imechunika, halafu njo akakumbuka kuuliza shingo yangu.