Vitambaa vya Altare

Wanga wa muhogo ukiungua chini ya pasi ya mkaa hutoa harufu ya uji ulioshika sufuria. Nikiisikia hata leo namkumbuka Sista mkuu wa shule yetu, kule nyuma ya soko la Kariakoo, na simkumbuki kwa wema.

Kila asubuhi alitusomea maisha ya mtakatifu mmoja wa Ulaya, aliyewakusanya mabinti wa maskini akawafundisha kusoma, wakati wakubwa wa mji walitaka wafue na kupika tu. Alisoma huku macho yamemlowa. Akishafunga kitabu, mabinti wa makarani walibaki na hesabu, na sisi watatu, watoto wa wachukuzi na mafundi, tulitolewa nje kunyoosha vitambaa vya altare. Hakuona kasoro yoyote. Mtu wa akili hiyo ndiye aliyekabidhiwa shule.

Nami, mjinga wa kwanza, nilijiona nimeteuliwa. Sista alisifu mikunjo yangu mbele ya wenzangu, nikawa narudi nyumbani nimevimba kichwa.

Mama aliuza maharage sokoni na hakujua herufi hata moja. Mtihani wa darasa la nne ulipokaribia, ule wa kuamua nani aendelee na nani arudi jikoni, aliniuliza hesabu tumefika wapi. Nikamweleza habari za pasi, kwa majivuno. Kesho yake akaja shuleni na kanga zenye vumbi la magunia, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Samahani, Sista. Huyo mtakatifu wenu aliwafundisha mabinti kusoma au kupiga pasi?"

Sista akatabasamu. "Mama, kazi ya mikono nayo ni sala."

"Basi na hao wa makarani wasali."

Darasa likacheka. Walimcheka yeye, si Sista, nami nikacheka kuwazidi wote, nisije nikahesabiwa upande wake. Mama akanitazama kidogo, akaondoka.

Hesabu nilianguka. Sista akanipa picha ya mtakatifu, akasema nisihuzunike, nina mikono mizuri. Nikaibusu ile picha, hebu fikirini.

Sista nilikuja kumdharau ukubwani, na dharau hiyo haijapoa. Ila siku ile mtu mmoja tu alikuwa amekielewa kile kitabu, naye hakujua kusoma. Hakuligusia tena jambo lile mpaka anakufa, na mimi sikumwomba radhi.