Mikro Iliyosikia Maombi Yangu

Habari hii naisimulia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu najua kule Kabuta, kijijini kwetu kando ya ziwa, wanaisimulia vibaya, wanasema eti nililia na kukimbia kanisani, na mimi sikukimbia (ningekimbilia wapi, na waya wa gitaa umenifunga kwenye ampli kama mbuzi?), lakini aibu niliipata, tena aibu ya kuwatosha watu wawili, na mpaka leo nikipita soko la Nchelenge kuna mama mmoja wa samaki akiniona hukohoa makusudi.

Mimi ni mtu wa ng'ambo, upande wa Congo. Nilivuka ziwa Mweru kuja Zambia na mke wangu, Mama Béa, miaka ya tisini ikielekea mwisho, tukawa tunauza chumvi na vitenge na kununua samaki wakavu, na katika mizigo yote tuliyovuka nayo, uliobaki mapajani mwangu safari nzima ni mmoja tu, gitaa la umeme la marehemu baba. Lilikuwa la zamani kweli, alilipata Lubumbashi alipokuwa bado kijana, jekundu lililofifia likawa rangi ya mawese, na baba alilipigia dansi maisha yake yote, halafu alipokuwa mgonjwa akaniambia jambo moja tu linamuuma, kwamba lile gitaa halijawahi kumwimbia Mungu hata wimbo mmoja. Nikamwahidi kwamba litaimba.

Sasa, ziwani maji yaliingia ndani ya mfuko, na mikro ikafa. Kwa asiyejua, mikro ni kile kisanduku kidogo kilicho chini ya nyuzi, sumaku iliyoviringishiwa waya mwembamba kama unywele, ndicho kinachosikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye ampli, kile kikuza sauti chenye spika, na kikifa gitaa la umeme ni ubao tu. Kanisa letu dogo lilikuwa na ampli, lilikuwa na grupu ya kutoa umeme, lilikuwa na mimi, lakini wazee walikuwa hawajakubali gitaa la umeme, walisema ni chombo cha baa, wakaamua kwamba mzee mmoja mkubwa wa kanisa atakuja kutoka mji wa Mansa Jumapili fulani, alisikilize, akikataa limekataliwa moja kwa moja. Nilikuwa na siku tano za kutafuta mikro.

Nikaenda kwa Papa Kazadi, fundi wa redio pale sokoni, Mkongo mwenzangu, na Papa Kazadi (Mungu ambariki) alikuwa na mikro mbili za gitaa la zamani ndani ya kopo la maziwa. Alizifunga moja moja na waya za kujaribia, mimi nikapiga. Ile ya kwanza, nyeusi, sauti yake ilikuwa safi, ya adabu, haina kosa. Ile ya pili ilikuwa na kifuniko cha chuma kilichoanza kutu, na nilipogusa uzi mmoja tu, sauti ilitoka pana, tamu, ina ukwaruzo kidogo mwishoni, sauti ile ile ya baba niliyolala nikiisikia utotoni kupitia ukuta. Machozi yalinitoka mbele ya wateja wenye redio zao mikononi.

Papa Kazadi akanionya, siwezi kusema hakunionya.

"Iyi ya chuma ni ya kuimba kweli," akasema, "lakini iko wazi ndani, haiyakunywa buji. Inasikia kila kintu, hata mudomo ya mutu. Acha niioshe kwanza mu buji, urudi kesho."

Maana yake alitaka kuyeyusha mishumaa na kuizamisha mikro humo, nta iingie katikati ya waya na kuushika usitikisike. Na mimi, kichwa maji, nikaona ataiziba sauti ya baba kwa nta kama mtu anayeziba mtumbwi. Nikamwambia hapana, aiweke vile vile, leo leo. Akaiweka. Kifungo cha kupunguza sauti kwenye gitaa kilikuwa kimeoza, akakiruka, akaunganisha waya moja kwa moja, na hilo nalo nikalifurahia, nikasema sasa sauti haina kizuizi. Ujira alioutaka ulikuwa sufuria kubwa kwa ajili ya mkewe aliyepika chakula cha kuuza. Mama Béa alikuwa na sufuria kubwa. (Msinitazame hivyo.) Nilimpelekea Papa Kazadi wakati Mama Béa yuko ziwani kupokea samaki, na mke wangu aliporudi na kuikosa, akaamua mwenyewe, bila mimi kusema neno, kwamba imechukuliwa na jirani yetu Bana Mwape (yaani Mama Mwape), na kwa siku nne wanawake wale wawili hawakusalimiana.

Huyo Bana Mwape, mjue, ndiye aliyekuwa mkalimani wa kanisa. Kwetu pale wengi ni Wabemba, lakini wavushaji samaki wanasema Kiswahili, kwa hiyo lolote linalotoka kwenye spika kwa Kiswahili, yeye husimama pale mbele na kulirudia kwa Kibemba, sentensi kwa sentensi, na alikuwa amelizoea jambo hilo hivi kwamba alilifanya macho yamefumbwa.

Jumapili ikafika. Mzee wa Mansa akaketi mbele, koti zito, mikono juu ya fimbo. Tukaanza. Jamani, gitaa liliimba! Nilifungua ampli mpaka mwisho na ile sauti ikajaa kanisa mpaka kwenye mabati, akina mama wakainuka, bibi mmoja ambaye hutembea kwa kushikwa mkono akaanza kucheza peke yake, nami nikawa nalia na kucheka pamoja, nikisema moyoni, baba, unasikia, unasikia? Kitu kimoja tu kilinikera. Kiongozi wa kwaya, Ba Chanda, mwalimu mstaafu, mtu mwema kabisa, alikuwa ameng'ang'ania kuimba solo katika wimbo wa mwisho, wimbo ambamo gitaa ndilo lilipaswa kumvuta mzee wa Mansa, na Ba Chanda akiimba, nisamehewe, hupanda juu kuitafuta sauti na harudi nayo.

Kabla ya wimbo huo tukaambiwa tuombe. Kwetu watu huomba wote kwa pamoja, kila mtu na lake, kwa sauti ya chini, kanisa linavuma, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Nikalikumbatia gitaa kifuani, nikainamisha kichwa, paji la uso kwenye shingo yake, mdomo juu kabisa ya ile mikro. Nikafumba macho na kuomba kwa moyo wangu wote.

"Baba Mungu, unayua Ba Chanda minamupenda. Lakini ile sauti yake ya solo inaua gitaa. Mupatie mafua, Baba. Kidogo tu, ya siku mbili, isifike mu kifua."

Nikasikia mahali fulani Bana Mwape naye anaomba kwa Kibemba, "Tata Lesa", yaani Baba Mungu, na jina la Ba Chanda likatajwa humo. Hapo ndipo nilipojiona nimebarikiwa, nikasema tazama Roho anavyofanya kazi, hata Bana Mwape ameguswa na jambo lile lile! Nikazidi kupata nguvu. Mvumo wa kanisa ulikuwa unapungua pungua, nikadhani watu wamezama katika maombi.

"Na ule muzee wa Mansa, Baba, macho yake inaanza kufungika. Umuamushe na gitaa yangu."

Bana Mwape akafuata kwa Kibemba, bila kuruka neno.

"Na bibi yangu, umutulize roho juu ya sufuria. Asichukie tena Bana Mwape. Ni mi njo nilipelekea Papa Kazadi juu ya mikro."

Bana Mwape akaanza, akafika kwenye jina lake mwenyewe, akanyamaza.

Nikafumbua macho. Kanisa lote limefumbua macho. Nikanong'ona, "Yesu wangu, inasikilika," na hayo nayo yakatoka kwenye ampli, makubwa, mazuri, na ukwaruzo kidogo mwishoni. Nikataka kupunguza sauti, kifungo kikazunguka bure. Nikaifunika mikro kwa kiganja, ikapiga yowe hadi watoto wakaziba masikio. Mwisho mpiga ngoma akachomoa waya, na katika utulivu uliofuata Mama Béa, kutoka safu ya tatu, akasema neno moja tu, bila hasira.

"Sufuria."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini uchungu wenyewe haukuwa wangu, ulikuwa wa baba. Nilijua gitaa limekwisha, limeimba asubuhi moja na mwanawe amelifukuza kanisani kwa mdomo wake.

Mzee wa Mansa alikuwa macho kabisa sasa. Alisema gitaa amelisikia na hana neno nalo, neno lake ni juu ya mpigaji, na kwa kuwa aliyekosewa ni Ba Chanda, basi Ba Chanda aamue, libaki au liondoke. Ba Chanda akasimama taratibu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akasema kwamba lile gitaa, tangu asubuhi, limemfanya amkumbuke mama yake. Kisha akanigeukia, na kwa heshima yangu akatumia Kiswahili chake cha sokoni.

"Gitaa ibakie. Na we utanipigia. Solo moja leo, na kuanzia wiki kesho, mbili."

Mpiga ngoma akarudisha waya. Ba Chanda akapanda juu, akaitafuta sauti, na mimi nikapiga chini yake polepole, kwa upole kuliko nilivyowahi kupiga, huku midomo yangu nimeikaza hadi ikauma. Jumatatu asubuhi, baada ya kwenda kwa Bana Mwape kuomba radhi nikiwa na Mama Béa nyuma yangu, nilikuwa mlangoni kwa Papa Kazadi na mishumaa mikononi kabla hajafungua. Aliiosha mikro, na utamu wake haukupungua hata kidogo. Lakini siku hizi wakisema tuombe, mimi naliegemeza gitaa ukutani, natoka nje hadi kwenye mti wa mwisho wa uwanja, na hata huko namwombea Ba Chanda afya njema.