Lita Tano za Skola

Kuna sauti moja ambayo ikinikuta popote hunirudisha nyumbani Ifakara: injini ya dizeli inayowashwa asubuhi kukiwa na baridi. Hukohoa mara mbili, hugoma, halafu hukubali na kuunguruma polepole kama bibi anayesali rozari. Pikapu ya baba yangu ilikuwa hivyo. Nilipokuwa na miaka kumi sauti hiyo ilikuwa ikinichoma moyo, maana ilimaanisha kwamba dada yangu Skola ameshapanda mbele, na mimi nimebaki.

Skola alikuwa binti wa baba, lakini si wa mama yangu. Aliletwa kwetu kutoka Lupiro, ng'ambo ya mto, baada ya mama yake kufariki. Alinizidi miaka miwili. Alikuja na kimfuko kimoja cha nguo na kichwa chepesi cha hesabu, na hicho kichwa ndicho kilichonitoa kwenye kiti changu.

Ile pikapu ilikuwa imekufa mshale wa mafuta. Namba za kilomita zilitembea vizuri, ila kiasi cha dizeli kilichomo kwenye tangi alikijua Mungu peke yake. Baba alipochomelewa tela la kubebea mpunga wetu kutoka shambani Mbingu, mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu gari lenye tela halili mafuta kwa kipimo kimoja. Skola ndiye aliyeijua siri yake. Walijaza tangi hadi juu, wakaenda, wakarudi, wakajaza tena kwa kidumu cha lita moja moja, naye akagawanya kichwani. Gari tupu, kilomita kumi kwa lita. Likiwa na tela tupu, nane. Tela likijaa magunia, sita, na kukiwa na tope tusitegemee zaidi ya tano.

Kwenye vijiji vya njiani kulikuwa na watu wanaouza dizeli kwenye madumu, lakini baba hakuigusa. Ilishawahi kumuulia pampu. Kwa hiyo alibeba ya kwake, na Skola ndiye aliyesema ibebwe kiasi gani. "Gari halidanganyi," baba alipenda kusema, "anayedanganya ni dereva." Akisema hivyo alimtazama Skola na kucheka, na mimi niliyekuwa nikiwapelekea maji ya kunawa nilitamani lile bakuli limdondokee mtu.

Nilimwonea wivu mpaka nikakosa hamu ya kula. Nilionea wivu vumbi jekundu kwenye nyusi zake aliporudi. Nilionea wivu hata muwa aliouleta, ingawa aliniletea mimi.

Mwaka ule mvua za masika zilichelewa kuisha. Siku ya kwenda kuleta mavuno, Skola alipiga hesabu, akasema tangi halitatosha, waongeze dumu la lita kumi. Akalipima mwenyewe. Baba akaliweka kwenye tela, chini ya turubai, wakaingia ndani kunywa chai. Nikalishusha. Nililiburuta hadi chooni, nikamimina nusu shimoni, nikalirudisha mahali pake. Sikutaka mtu aumie. Nilitaka tu hesabu ya Skola ikosee mara moja, baba aone.

Hawakurudi jioni ile, wala usiku. Walifika kesho yake mchana, na habari tulizipata kwa baba, kwa maneno machache. Njiani, tela likiwa limejaa, alisimama kuongeza mafuta na dumu likatoa nusu. Wakajaribu kusogea, gari likazima porini mvua ikiwa imeanza. Baba akafuata dizeli kwa miguu, Skola akabaki na mzigo. Upepo ukachana turubai. Msukuma mmoja aliyekuwa akirudi shambani na maksai wake alimkuta amelala kifudifudi juu ya magunia, ameshikilia kipande cha turubai kilichobaki, akawafunga ng'ombe kwenye tela na kulivuta hadi kwenye banda lake.

Mpunga ulishalowa. Mwingi ulichipua ndani ya magunia. Skola alilala na homa siku nne.

Baba hakumpiga. Alimwambia tu, mbele yetu sote, "Nilikuamini, Skola." Yeye akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, baba. Nilipima vibaya."

Safari iliyofuata nilikaa mimi kiti cha mbele. Baba aliniuliza tumetembea kilomita ngapi, nikakisia. Akaniuliza tena, nikakisia tena. Baada ya hapo hakuniuliza kitu, na tukaenda hivyo hadi Mbingu. Hakunichukua tena. Mwaka uliofuata aliliuza gari na tela lake. Ule mpunga uliovunda tuliula sisi wenyewe, wali wenye harufu ya gunia bichi, mwezi baada ya mwezi. Mama alishangaa kitu kimoja tu: kwamba siku hizi chooni hakuna funza.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipomwambia Skola. Tulikuwa kwake tukichambua mchele, baba ameshazikwa. Nilianza kwa kulia, akaniacha nimalize.

"Nilijua, mdogo wangu," akasema. "Dizeli huua funza. Mama aliposema wameisha chooni, nikajua zile lita tano zilikwenda wapi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Wewe ulikuwa na mama yako humo ndani. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenu." Akapeperusha ungo, pumba zikaruka. "Nilishakusamehe zamani. Ila baba nilikuwa nampata mle garini tu."

Sikujua. Mimi nilikuwa na baba tangu nizaliwe: nilimpata mezani, kanisani, nikiugua, hata akinigombeza. Niliamini Skola amechukua changu. Yeye hakuwa na mahali pengine pa kumpata baba yake isipokuwa barabara ile ya tope, akihesabu kilomita ili aulizwe tena.

Aliendelea kuchambua. Nami nikavuta ungo wangu karibu na wake.