Mwalimu wa Kwaya na Kambale

Masika, mto Lumi ukifurika hadi kwenye migomba ya Mahoo, mwalimu wa kwaya hukunja sketi, hufumba macho na kuingia mferejini. Kwenye tope, husema, macho hudanganya. Vidole vyake hupapasa polepole, vikikwepa miiba ya kambale, huku akibembeleza: "Njoo, baba, njoo." Jumamosi hiyo jirani yake Sylus aliingia naye, maana wakwe zake walikuwa njiani na jikoni hamkuwa na kitoweo. Mara mwalimu akashika kitu, akapiga ukelele, "Nimempata!" na kuvuta kwa nguvu zote. Sylus akaanguka matako chini.

"Mwalimu, huo ni mguu wangu!"

"Mguu gani laini hivi? Kwani wewe hulimi?" Hakuuachilia, aliendelea kuupapasa kwa shaka.

Sylus alipotaka kuinuka, kitu kikajipinda chini yake. Akakodoa macho.

"Usisimame!" mwalimu akanong'ona. "Umemkalia."

Akapitisha mikono yote miwili chini ya jirani yake, bila haya, kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku anayeatamia. Pale ukingoni, Pauline, mkewe Sylus, akasogeza sufuria.

"Kaa hivyo hivyo, Baba Cynthia," akasema. "Leo angalau umenifaa."