Aliyekuwa Akiita Kwenye Njia ya Wapagazi

Nyumba niliyoolewa ilikuwa imeipa mgongo njia ya zamani. Ndiyo njia waliyopita wapagazi wa pembe kabla ya reli, kutoka pwani kuja Tabora, kisha kuendelea magharibi mpaka Ujiji. Nilipofika mimi, enzi za Mwingereza, ilikuwa imebaki kama mfereji mpana usioota kitu, unaokatiza mashamba ya mihogo upande wa Ntalikwa na kupotelea porini. Mvua za kwanza zikinyesha, shanga zilijitokeza kwenye udongo wake. Mama mkwe wangu alinikataza kuziokota.

Alinikataza na jambo jingine, siku yangu ya pili pale, huku akinionyesha mahali alipoweka chumvi. "Ukisikia mtu anaita kutoka njiani na humwoni, usiitike." Hakueleza sababu, nami nilikuwa bibi arusi, sikuuliza.

Mume wangu alikuwa mchochea makaa kwenye treni ya Kigoma, na siku nyingi hakuwepo. Tulibaki sisi watatu: mama mkwe, mimi, na binti yangu aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Jirani wa karibu alikuwa mzee mmoja mwenye gobole, aliyeishi na mkewe ng'ambo ya shamba letu. Tulikuwa na mbwa pia, wa rangi ya majivu, mpiga kelele ambaye alibweka hata jani likianguka.

Kwa hiyo nilistaajabu mchana ule wa kiangazi, nikiwa napepeta mtama uani, nilipomwona mbwa wetu akijivuta kwa tumbo kwenda kujificha chini ya ghala. Hakubweka. Kuku nao walikuwa wamenyamaza. Nikainua macho, nikaona mbwa mgeni amesimama katikati ya njia ya zamani, anatutazama.

Alikuwa mwekundu, mbavu nje, na taya lake lilining'inia kama mlango ulioacha bawaba. Sikuona dalili yoyote ya kuomba chakula. Mkia haukutikisika wala masikio hayakusimama. Nikamtishia kwa ungo. Hakukimbia wala hakusogea. Aligeuza kichwa tu kuelekea porini, kama mtu aliyesikia jambo, kisha akaturudishia macho. Nilimkimbilia mtoto, nikaingia naye ndani.

"Amekwenda?" mama mkwe aliuliza kutoka jikoni. Sikuwa nimemwambia kitu.

"Nani, mama?"

"Huyo aliye njiani."

Nilipochungulia, njia ilikuwa tupu.

Kesho yake alirudi, jua likiwa palepale utosini, akasimama mahali palepale. Na siku iliyofuata vilevile. Mara moja nilimwona anatafuna udongo, anaumeza polepole bila kuacha kututazama. Mbwa wetu alikuwa hatoki tena chini ya ghala. Tulimsukumia ugali kwa mti. Mzee jirani alipita na gobole lake, akalizunguka shamba lote, lakini siku ile mbwa hakuonekana. Akatuambia tumfungie mtoto ndani na tusitoke mikono mitupu. "Mbwa akiacha kubweka, kuna kitu kimemwingia kichwani," alisema.

Sauti ilianza baada ya hapo. Ilikuja alasiri, upepo ulipogeuka ukavuma kutoka magharibi. Ilikuwa sauti nzito iliyokwaruza, ndefu, inayokatika katikati na kuanza upya juu zaidi. Nilijiambia ni yule mbwa. Nilikuwa nimesikia kwamba mbwa mwenye kichaa hubadilika sauti, na nililishika wazo hilo kwa nguvu zangu zote. Lakini mama mkwe aliacha kusuka ukili, akatulia, mikono mapajani.

"Umesikia anachosema?"

"Ni mbwa, mama."

"Anasema njoo."

Hapo ndipo aliponiambia habari za baba yake. Alikuwa mpagazi. Alipita nyuma ya nyumba ile ile akiwa na mzigo begani, msafara ukielekea pwani, na mama mkwe, mtoto mdogo wakati huo, alimkimbilia mpaka mama yake akamshika. Baba aligeuka mara moja akamwita kwa mzaha, "Njoo basi, twende." Hakurudi tena. Wengi hawakurudi, walizikwa palepale walipoanguka. "Mama yangu ndiye aliyeniwekea mwiko wa kuitika," alisema. "Aliogopa ningeifuata ile sauti." Kisha akaokota ukili wake, akaendelea kusuka kana kwamba hatukuzungumza kitu.

Siku mbili tatu zilipita hivyo. Kila alasiri sauti ilikuja, na kila ilipokuja niliona mabega ya mama mkwe yakiinuka kidogo. Nilianza kuiogopa ile saa kuliko kumwogopa mbwa mwenyewe. Binti yangu, ambaye hakujua lolote, alijifunza kuiiga. Alisimama ukutani akavuta mlio mrefu kwa koo lake dogo, akacheka. Nilimziba mdomo mpaka akalia.

Kisha alasiri moja nilitoka jikoni nikaona mkeka uko mtupu. Mama mkwe alikuwa ameshafika katikati ya mihogo, anakwenda taratibu, ameshika bakuli la maji kwa mikono miwili kama anayempelekea mgeni. Mbele yake njiani alikuwa amesimama yule mbwa.

"Mama! Rudi!"

Hakugeuka. Nilikimbia na mchi mkononi. Nilipowakaribia alikuwa ameinama, analisukuma bakuli chini. Mbwa aliyatazama yale maji. Koo lake likaanza kuruka, shingo ikakakamaa, mwili wote ukatetemeka, na povu likamchuruzika kifuani. Alirudi nyuma, akayatazama tena, koo likaruka tena. Kisha akajirusha. Alikamata upindo wa kanga ya mama, akaupasua. Nilimpiga mchi wa mgongo, na hata kwa pigo lile hakutoa sauti. Aliachia kanga, akasimama akiyumba, na wakati huo gobole la mzee jirani likalia nyuma yangu. Mbwa alianguka ubavu.

Mkono wa mama mkwe ulikuwa na mchubuko, mwembamba kama wa mwiba wa mgunga. Hakuweza kusema kama ulikuwa wa jino au wa kucha. Niliuosha kwa maji mengi na sabuni, nikaurudia na kuurudia, naye aliuacha mkono mikononi mwangu kama si wake.

Mzee jirani alimgeuza mbwa kwa kijiti. Shingoni alikuwa na mkanda wa ngozi wenye kengele ndogo ya chuma, na kengele ilikuwa imezibwa kwa nyasi kavu, zimeshindiliwa vizuri.

"Huyu ana mwenyewe," alisema. "Ni mbwa wa mtu wa porini. Kengele huzibwa wakati wa kunyemelea mnyama."

Tulikubaliana kwamba kesho alfajiri mama apelekwe hospitali ya Kitete. Wanaume wa kijiji, walioufuata mlio wa gobole, walikuwa wanakusanya kuni za kumchoma yule mbwa. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Upepo ukageuka, na ile sauti ikaja.

Hakuna aliyejitikisa. Ilikuwa ndefu, nzito, inakatika na kuanza upya. Mbwa alikuwa amelala mbele yetu, inzi wameshamjaa. Nilijikuta nimeukamata mkono wa mke wa jirani, naye ameukamata wangu.

Mama mkwe ndiye aliyesema. "Mbwa amekufa. Sasa anayeita ni nani?"

Kulipokucha, baiskeli ya kumbebea mama ilikuwa tayari mlangoni. Alikataa kuipanda. "Siendi popote mpaka mtu amwitikie yule." Mzee jirani alimsihi, akamwita dada, akamwambia dawa haingoji. Mama alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea porini. Tulimwacha mtoto kwa mke wa jirani tukamfuata, mimi, mzee na gobole lake, na wanaume wengine wawili wa pale kijijini.

Sikuwahi kuingia porini kwa ile njia. Miombo ilikuwa imepukutisha majani, na miguu yetu ilifanya kelele kubwa kuliko ya watu watano. Nyayo za mbwa zilikuwa nyingi kwenye vumbi, zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi. Tulipofika penye korongo kavu, mzee aliinua mkono tukasimama. Kulikuwa na kambi ya mrina asali: kibanda cha nyasi, mizinga ya magome imeegemezwa mtini, majivu yaliyopoa. Katikati ya kambi palikuwa na mtungi. Ulikuwa umefunikwa kwa ngozi, juu ya ngozi matawi, juu ya matawi mawe, mpaka mtungi wenyewe ukawa hauonekani.

"Kwa nini kufunika maji namna hii?" nilinong'ona. Mzee aliutazama ule mtungi, nami nilimwona ameelewa.

"Msinikaribie."

Sauti ilitoka nyuma ya kibanda. Alikuwa mwanamume wa makamo, amekaa chini, ameegemea mti, na alikuwa amejifunga mwenyewe kwa kamba ya gome, kiunoni na miguuni, mafundo mengi. Midomo ilikuwa imepasuka. Macho yalikuwa mazima kabisa, ya mtu mwenye akili zake. Alipomwona mama mkwe alijaribu kujiweka sawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama mkwe aliketi chini palepale, umbali wa kurusha jiwe dogo. "Tulikusikia."

"Mmemwona mbwa wangu? Namwita kila siku. Najua yuko karibu, namsikia nyasi zinapolia. Anakuja mpaka pale, kisha anarudi."

Tulitazamana. Mzee jirani aliweka gobole lake nyuma ya mguu.

"Yuko kwetu," alisema. "Amelala."

"Amekula?"

"Amekula."

Yule mtu alifumba macho, na uso wake ukalegea. Kisha upepo mdogo ulimpita, upepo tu, na mwili wake wote ukaruka dhidi ya kamba, koo likafanya vile vile nilivyoona jana njiani. Mmoja wa wanaume alikimbia, akarudi baadaye.

Yule mtu alipotulia, alitueleza kwa vipande vipande. Bweha alikuja kambini mchana, hana woga wa moto wala wa mtu. Mbwa alipambana naye, na yeye mwenyewe alipokwenda kuwaachanisha aling'atwa kwenye shavu la mguu. Kidonda kilipona. Alisahau. Alikuwa ametokea mbali, kaskazini, upande wa Ziba, na wenzake walikuwa wameshatangulia kupeleka nta.

Wanaume walikata miti wakafunga machela, na walimlaza juu yake bila kumfungua kamba, kama alivyotaka mwenyewe. Walimchukua kwa ile njia ya zamani, mabegani. Mama mkwe alitembea mbele, si kando, ili azibe upepo kwa kanga yake aliyoitandaza. Njia nzima alikuwa anaongea naye: habari za mihogo, za mvua iliyochelewa, za mjukuu wake anayesimama ukutani. Kila yule mtu alipoita, na aliita mara nyingi, mama aliitika, "Naam, mwanangu. Nipo." Nilisikia sauti zao mbili zikipokezana kwenye ile miti mitupu, na mpaka leo siwezi kuieleza vizuri baridi iliyonishika kwenye jua kali namna ile.

Aliacha kuita kabla hatujatoka porini. Tulimzika kando ya njia. Hospitalini baadaye walituambia kwamba mtu akishaanza kuyaogopa maji hakuna dawa iliyobaki, hata angefikishwa wiki nzima mapema.

Mama mkwe alichomwa sindano za tumbo kila siku, siku nyingi mfululizo, mpaka tumbo likawa gumu kama kibao. Tulikaa kwa dada yake mjini, karibu na hospitali. Kila asubuhi nilimpa kikombe cha maji, na kila asubuhi nilisimama mlangoni nikijifanya nafagia. Nilimtazama koo. Siku moja alisimamisha kikombe mdomoni.

"Unanitazama nikinywa?"

Sikuweza kusema hapana.

"Basi njoo ukae hapa unitazame vizuri," alisema, akanipisha kwenye kitanda. Alikunywa polepole, funda moja moja, kwa ajili yangu. Baada ya hapo tulifanya hivyo kila siku.

Mbwa wetu wa rangi ya majivu hatukumkuta tuliporudi. Bwana mifugo alikuwa amepita akaagiza mbwa wote wa upande ule wauawe, na mzee jirani alifanya kazi hiyo mwenyewe. Mvua zilikuwa zimenyesha. Mume wangu alikuja na treni ya mwisho wa mwezi, akasikiliza yote, akasema tuhame tusogee mjini. Nilitarajia mama mkwe akatae. Alifunga mikeka siku ile ile.

Watu wa Ziba walikuja mwaka uliofuata, wazee wawili na mwanamke mmoja kijana aliyefunga mtoto mgongoni. Walikuwa wameulizia kijiji hadi kijiji. Mama mkwe aliwapikia, kisha akawapeleka yeye mwenyewe kaburini. Yule mwanamke alimuuliza mama mkwe kwamba mumewe alisema nini mwishoni. Mama mkwe alipanga vipande vya udongo juu ya kaburi.

"Alinisalimia," alisema. "Alinipa shikamoo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote."

Mwanamke alitikisa kichwa kukubali, akamhamishia mtoto upande wa kifuani, akamnyonyesha.