Maporomoko ya Maji Dukani kwa Mugisho

Mugisho ndiye mfanyabiashara pekee ninayemjua ambaye mteja akiingia dukani kwake, yeye anashtuka. Tumekaa tukitazamana miaka kumi na mitano, mimi na cherehani yangu upande huu, yeye na rafu zake za CD na DVD upande ule, katikati yetu chemchemi ya saruji iliyokauka zamani, na kushtuka huko nimekuona labda mara mbili kwa wiki. Siku nyingine anakaa tu. Anafumba macho na kusikiliza ule muziki mtulivu unaotoka darini, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujua unawashwa na nani, na mguu wake unafuata polepole.

Jumba letu la maduka liko Columbus, upande wa Whitehall. Dari yake ni ya kioo. Saa nne asubuhi jua huingia kule juu, likashuka taratibu hadi kwenye vigae, likatambaa mbele ya maduka yaliyofungwa milango ya chuma. Wazee wa Kimarekani wanaofanya mazoezi hutembea ndani ya jua hilo na raba zao nyeupe, mzunguko baada ya mzunguko, bila kusema kitu. Ukiwatazama sana unasinzia huku macho yako wazi. Siku moja nilishona mkono wa blauzi mahali pa shingo kwa sababu ya lile jua. Mwenye blauzi hakucheka.

Mugisho ni mzaliwa wa Bukavu, na mji wake wa kwanza Marekani ulikuwa Louisville. Huko alipakia mizigo katika ghala. Jumamosi, wenzake wakipumzisha migongo, yeye alipanda basi hadi kwenye mall moja iliyokuwa na duka kubwa la muziki na video. Anasema ukutani palitundikwa hedifoni, na mtu yeyote aliruhusiwa kuvaa na kusikiliza, hata kama hana nia ya kununua, wala hafukuzwi. Hilo la kutofukuzwa ndilo lililomwingia moyoni. Alisimama pale, macho amefumba, akisikiliza nyimbo ambazo hakuelewa hata neno, watu wakipita nyuma yake, na akaamua kwamba siku moja atakuwa na duka kama hilo. Akaanza kwa kuuza DVD za kwaya kwenye buti la gari baada ya ibada. Duka lile lilipofungwa aliomba hedifoni moja, wakampa. Anayo hadi leo, ingawa haitoi sauti.

Alipohamia kwetu Columbus alikuta duka la namna ileile likifungwa ndani ya jumba hili. Watu wote wenye akili walikuwa wanaikimbia biashara hiyo, yeye ndiyo kwanza anaingia. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kumung'unya.

“Bon, Mama Yudita,” akanijibu, “batu batachoka na intaneti.”

Alichukua rafu zote za lile duka pamoja na vibao vyake vya Kiingereza vya aina za filamu, na hakubandua hata kimoja. Kwaya za akina mama zikakaa chini ya kibao cha sinema za kutisha. Mahubiri ya mchungaji wetu yakakaa kwenye vichekesho, na mchungaji, ambaye Kiingereza anakijua, hakupendezwa. Kwenye kona ya mwisho lilibaki kasha moja la wenye duka wa zamani, DVD ya mazoezi ya majini, lenye picha ya wazungu watatu wa kike waliovaa nguo za kuogelea. Watu wa kanisa letu wakifika kona ile waligeuza shingo. Na mimi nilikuwa nageuza. Tulishangaa kwa nini mtu mpole namna ile hakitupi kitu kile.

Sasa niseme habari za Nzigire, na nitazisema harakaharaka kwa sababu zinaniuma.

Mwaka 2010 Mugisho alirekodi kwaya yetu, picha na sauti. Nzigire ndiye aliyeongoza wimbo wa “Nivushe”, tuliotunga wenyewe jikoni kwangu. Mimi nilisimama kulia kwake. Video ilikuwa imekwisha, hata makasha yamechapwa, ndipo ikajulikana kwamba Nzigire ana mimba na hajaolewa. Kanisani kwetu mtu wa hivyo anawekwa pembeni: haimbi, anakaa viti vya nyuma mpaka atakaporudishwa. Lakini video je? Ingemwonyesha anaimba kila siku sebuleni kwa watu. Kamati ya kwaya ikakaa, na mimi nilikuwa ndani ya kamati. Tukasema atolewe. Mugisho akamkata. Kila mahali palipokuwa na uso wa Nzigire aliweka maua au maporomoko ya maji, na sauti yake ikafutwa, akaimba mtu mwingine mahali pake.

Mtu huyo ni mimi. Tulirekodia kwenye choo cha kanisa, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na mwangwi mzuri, nikaimba mara tatu. Niliimba vizuri, tena nilifurahi. Sitadanganya.

Nzigire hakungoja kurudishwa. Alihamia Buffalo kwa dada yake Béatrice, East Side, akajifungua mtoto wa kike, akapata kazi ya kutunza wazee huko Amherst. Mtoto alipofikisha miaka mitatu, mama yake akafariki kwa ugonjwa wa damu. Sisi tulituma barua ya rambirambi yenye sahihi ya kamati.

Miaka ikaenda, wateja wa Mugisho wakapungua, kisha wakawa wale wa mara mbili kwa wiki. Wimbo wetu mtu mmoja aliutia mtandaoni na watu wakausikiliza bure. Mwaka huu tukapewa barua kwamba jumba linabomolewa, patajengwa ghala la mizigo. Mugisho aliisoma, akaikunja. “Nilikimbia ghala,” akasema, “kumbe lilikuwa linanifuata.” Akaanza kushusha CD moja moja na kuzifuta vumbi, kana kwamba zinakwenda harusini.

Alhamisi ya wiki ya mwisho, jua likiwa katikati ya vigae, aliingia msichana wa miaka kumi na minne na begi mgongoni. Nyuma yake alikuja mwanamke aliyechoka na safari, akakaa kwenye ukingo wa chemchemi, akanitazama, kisha akatazama chini. Nilimtambua. Alikuwa Béatrice.

Mugisho alishtuka kama kawaida yake.

“Jambo, papa,” msichana akasema. “Mimi ni Sandrine, mutoto wa Nzigire. Sorry, Kiswahili yangu si muzuri. Wanasema ni wewe, wewe njo ulipiga ile video. Niko natafuta sura ya mama.”

“Sura,” Mugisho akasema.

“Sauti niko nayo. Iko ku simu, kila siku ninaisikilizaka mbele ya kulala. Lakini kila mama akianza kuimba, wanaweka maji. Water, flowers, water. Picha zake zote ziliungua na nyumba yetu ya mbele, ile ya zamani. Ninataka tu kumuona akiimba, one time.”

Akabonyeza simu, wimbo ukatoka. Niliacha kukanyaga cherehani. Sauti yangu ya miaka kumi na mitano iliyopita ikajaa lile jumba tupu, ikapanda hadi kwenye kioo, nzuri, safi, na yule mtoto ameiweka simu shavuni na kufumba macho.

Nilikwenda kwa Béatrice. “Ulimwambia nini huyu mtoto?”

“Alikuwa analia kila siku, Yudita,” akajibu bila kuinua kichwa. “Ningefanya je? Alisikia ile wimbo, akaniuliza kama njo mama anaimba. Nikasema ndiyo. Akalala. Donc, nikaiacha vile.”

Nilipoingia dukani, Mugisho alikwenda moja kwa moja hadi kona ya mwisho, akachukua lile kasha la wazungu watatu wa nguo za kuogelea. Akalifungua mbele yetu. Mlikuwa na DVD yenye jina la Nzigire kwa kalamu.

“Mulisema nikate, nikakata,” akaniambia. “Kuvunja, hapana. Na nani wa kanisa angefungua hii?”

Ningecheka, siku nyingine. Akanivuta pembeni, akasema chini chini, “Sikia. Sura na sauti viko pamoja humu. Siwezi kumupa moja bila ingine. Akipata ile ya kweli, ataipoteza ile anayolalia. Mama Yudita, ukitaka, nitasema mashini imekufa.”

Mungu anisamehe, nilitaka. Si kwa ajili ya mtoto tu. Miaka yote hiyo kuna mtu alikuwa akilala kwa sauti yangu na mimi sikujua, na sasa nilipojua, sikutaka kumwachilia. Nilisimama pale nikitazama jua limefika kwenye ncha za viatu vya msichana. Halafu nikakumbuka kile choo, na jinsi nilivyofurahi.

“Weka,” nikasema.

Televisheni ilikuwa tayari imeshushwa sakafuni. Sandrine akapiga magoti mbele yake. Kwaya ikatokea, sisi sote na vitenge vyetu vya kijani, na pale ambapo siku zote panatokea maji, akatokea Nzigire. Alikuwa na mwanya mdogo kwenye meno ya mbele. Mkono wake wa kulia ulishika wangu, wa kushoto ulilala juu ya tumbo, ambalo wakati ule hakuna aliyelitazama. Sandrine akaweka kiganja mdomoni.

Kisha Nzigire akaimba. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini kuliko yangu, na ilikwaruza kidogo. Kila mwisho wa mstari alikosa pumzi.

“Papa, sauti imeharibika,” Sandrine akasema. “That's not her.”

Mugisho alikuwa akiishikashika ile hedifoni yake isiyotoa sauti. Nikapiga magoti kando ya msichana, ingawa magoti yangu siku hizi hayapendi, nikauimba ule mstari wa kwanza taratibu: *Nivushe, kungali mchana.* Sauti imezeeka, lakini ni ileile.

Aligeuka akanitazama. Nikaona anaelewa, kidogo kidogo, kama mtu anayeamshwa.

“Ni wewe,” akasema.

“Ni mimi, Yudita. Tulimtoa mama yako, na mimi nikaimba mahali pake. Nilikuwa katika kamati.”

“Kwa sababu gani mulimutoa?”

“Kwa sababu alikuwa na mimba yako.”

Mzee mmoja wa mazoezi alipita nje ya duka, akamaliza mzunguko, akapita tena. Nilingoja anitukane, na ningepokea. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Halafu akasogea hadi magoti yake yakagusa televisheni, akaweka kidole kwenye lile tumbo la Nzigire, juu ya kioo.

“So niko huko ndani,” akasema. “Njo maana anakosa pumzi.”

“Ndiyo,” Mugisho akamjibu.

“Rudisha, papa. Mwanzo kabisa.”

Mugisho akarudisha. Kwaya ikajipanga tena, vitenge vya kijani, mikono yetu ikashikana, na mimi kwa mazoea tu, midomo ikaanza kunicheza, nikawa nauimba ule mstari chini chini. Sandrine hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akaukamata wangu, akauminya kwa nguvu.

“Mama Yudita, sasa nyamaza,” akasema. “Niko nasikia mama.”

Nikanyamaza, kama ilivyonipasa mwaka ule.