Spéciose na Koo za Waskoti

Siku ya kwanza kuonana na Spéciose tulipatana bei kupitia waya wa geti, kila mtu na barakoa yake, yeye nje barabarani na mimi ndani ya ghala langu St Marys. Ilikuwa Julai 2021. Sydney yote imefungwa, na sisi wa magharibi tumefungwa kuliko wengine, helikopta ya polisi inatuzungukia juu kama tumeiba kitu.

Nilikuwa nimetuma tangazo kwenye kundi la WhatsApp la Waafrika Mashariki: natafuta mtu wa kubeba na kupanga maboksi, awe na nguvu. Nilitegemea kijana. Akaja mama wa makamo, mfupi, kilemba kichwani, ametoka Rooty Hill kwa treni.

“Habari, patron.”

“Niite Dada Koku. Tangazo limesema mtu wa nguvu.”

“Nguvu iko. Nimebeba wazee wa kilo tisini miaka mingi, na mzee ukimbeba anakupiga makofi. Boksi itanipiga?”

Alikuwa Mrundi, amekulia kambini Kasulu, akaletwa Australia na mumewe Nduwimana na watoto wawili. Tangu afike alifanya kazi nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Sasa korona ilikuwa imeingia humo. Nduwimana figo zake zilikwisha. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, na daktari alimwambia Spéciose waziwazi kwamba atakacholeta nyumbani kutoka kazini ndicho kitakachommaliza mumewe. Akaacha kazi siku hiyohiyo.

“Natafuta kazi pasipo na pumzi ya watu,” alisema. “Maboksi haikohoi.”

Nikamtajia malipo ya kibarua, ya chini kabisa ambayo sheria inaniruhusu. Hakubisha. Mtu asiyebisha bei hunitia wasiwasi, maana ana kitu kingine anachotaka.

“Sawa,” akasema. “Lakini nitazame miezi mitatu. Nikifaa, unipe permanent, kazi ya kudumu. Nisipofaa, narudi kwa wazee, na Mungu atajua la kumfanyia Nduwimana.”

Nikakubali. Mwaka ule ahadi ya miezi mitatu mbele ilikuwa haigharimu kitu. Nani alijua Oktoba itafika na nani akiwa hai? Nikafungua geti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja ya mawakili wa Kiskoti, yenye makao Edinburgh, ilikuwa na ofisi mjini Sydney tangu enzi za Waskoti waliokuja kufuga kondoo. Ofisi ile haikushughulika na makampuni, ilishughulika na watu: wosia, hatimiliki, mikataba ya ndoa, ugomvi wa mashamba, kizazi baada ya kizazi. Mawakili walipoambiwa wafanyie kazi nyumbani, Edinburgh wakaona hakuna haja ya kulipa pango la mjini. Ofisi ikafungwa. Nyaraka zote zikawa zisafirishwe Scotland kwa kontena kutoka Port Botany, na huko wangetafutwa wenye nazo wapelekewe za kwao. Tatizo ni kwamba bomba la maji lilipasuka kwenye chumba cha chini miaka ya nyuma, watu wakaokoa karatasi kwa haraka na kuzitupia kwenye boksi lolote lililokuwa kavu. Hakuna aliyejua kipi kiko wapi. Mimi nilishinda zabuni ya kubeba, kupanga na kupakia, kwa sababu bei yangu ilikuwa ya chini na ghala langu halivuji.

Nikamwonyesha Spéciose mlima ule wa maboksi. “Panga kwa familia,” nikamwambia. “Kila familia boksi zake.” Kisha nikaenda kuhangaika na malori yangu, maana dereva mmoja alikuwa karantini na mwingine alikuwa akitafuta sababu ya kuingia.

Kwa wiki kadhaa sikumsumbua. Kila nikipita namwona amekaa kwenye kreti, miwani puani, bahasha zimemzunguka, anasoma huku midomo inacheza. Nikadhani ni mwepesi wa mikono ila mzito wa kusoma. Mara nyingine alimpigia simu bintiye Ikirezi amsaidie neno gumu la Kiingereza, na sauti ya mtoto ingesikika ghala zima: “Mum, I'm in class!” Madarasa yenyewe yalikuwa mezani jikoni kwao.

Septemba, kontena likiwa limeshawekewa nafasi melini, nikaenda kukagua. Nikafungua boksi la kwanza. Ndani kulikuwa na Rennie, Gunn, Sutherland, na tena Rennie. La pili, Mackay na Innes na jina lingine lisilotamkika. La tatu vilevile.

“Mama Ikirezi! Hii ni nini?”

“Ni familia, Dada.”

“Familia gani? Majina manne kwenye boksi moja!”

“Mais, lakini huyu ni mama yake huyu.” Akanionyesha kwa kidole. “Huyu kaka yake mama. Huyu alimwoa binti, halafu wakagombana juu ya shamba. Huyu hakuolewa, aliachia watoto wa dada yake kila kitu hadi birika. Ni nyumba moja.”

“Jina la ukoo, mama! Unafuata jina la ukoo! A kwa A, B kwa B! Mtoto wa darasa la pili anajua!”

Akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua kitu.

“Dada Koku. Mume wangu ni Nduwimana. Watoto wangu ni Ikirezi na Kwizera. Mimi nina jina langu, na ndugu zangu kila mmoja na lake. Baba alitupa kila mtu jina siku amezaliwa. Kwetu ukitafuta familia kwa majina, utapata mtu mmojammoja. Ulisema familia. Nikatafuta nani alizaa nani na nani alirithi nani.”

Ndipo nikaelewa, na kuelewa hakukunipunguzia hasira. Kwetu Bukoba pia majina hayafuatani hivyo, lakini mimi nimekaa na Wazungu muda mrefu hata nikasahau kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa. Na karatasi zenyewe zilimsaidia kupotea: Waskoti katika hati zao humwandika mwanamke aliyeolewa kwa jina la kwao na la mumewe pamoja. Kwa Spéciose huo ulikuwa ushahidi kwamba hawa watu angalau wana akili ya kujua mama anatoka wapi.

“Meli inaondoka wiki ijayo,” nikamwambia. “Hii yote ni ya kupanga upya. Ijumaa tunamaliza hesabu yako. Nitatafuta mtu mwingine.”

Hakulia wala hakunibembeleza. Alikunja miwani yake taratibu.

“Donc, basi narudi kwa wazee.”

“Sikukutuma kuolewa na mgonjwa.”

“Na mimi sikukutuma kuniambia familia.” Akachukua bahasha nyingine, akaendelea na kazi. “Mpaka Ijumaa ni yako. Usinipotezee muda.”

Nilirudi ofisini kwangu nikakaa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi biashara yangu nimeijenga kwa kutembeza kibaya. Kabla ya kulipia watu wapya wa kubomoa kazi iliyokwisha, lazima nijaribu kwanza kuiuza ilivyo. Nikampigia Bi Ailsa, wakili wa mwisho aliyebaki wa ofisi ile, nikamwambia aje akague, mzigo uko tayari, na kuna jambo tumelifanya vizuri zaidi ya mkataba.

Alikuja Alhamisi na kibali chake cha kutembea, mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Akafungua boksi. Akafungua la pili. Kisha akasema neno moja ambalo Spéciose hakuhitaji kumpigia Ikirezi alielewe.

“Mkataba unasema alfabeti,” akanigeukia.

“Mkataba unasema kwa familia, halafu alfabeti. Tumemaliza familia. Ukitaka kumrudishia mtu karatasi za bibi yake, utamtumia kifurushi kimoja au kumi?”

“Nikitafuta jina nitalipataje?”

Spéciose akajibu kwa Kiingereza chake cha nyumba ya wazee, cha polepole na adabu nyingi: “Madam, nipe jina.”

“Isobel Rennie.”

Spéciose akatazama maboksi, akatazama tena. “Mama yake nani?”

“Sijui.”

“Aliolewa?”

“Hapana.”

“Alipokufa, nani alikula vitu vyake?”

Bi Ailsa akafikiri. “Dada yake. Bi Gunn fulani.”

“Ah. Wale wa kugombana.” Akaenda nyuma ya paleti zilizobeba maboksi.

Tulisubiri. Tukanywa chai. Tukamaliza chai, tukaongea habari za hali ya hewa. Nilimsikia huko nyuma akisukuma na kunung'unika Kirundi. Nilianza kupanga kichwani nitakavyojitetea juu ya faini ya kuvunja mkataba. Saa nzima karibu ilikatika ndipo akarudi na boksi, vumbi hadi kwenye kilemba, akaliweka mezani. Isobel Rennie alikuwemo, na dada yake, na mama yao, na kaka waliyemshtaki, na wosia wa mtoto wa kaka ambaye, kwa maelezo ya Bi Ailsa, yuko hai Glasgow na anawaandikia kila mwaka kuulizia mambo ya shangazi zake.

Bi Ailsa alikaa kwenye kreti akasoma. Hakuwa na haraka tena.

“Hili ndilo tulilopaswa kuwa nalo miaka yote,” akasema mwishowe. “Lakini saa nzima ni upuuzi.”

“Ukiwa na orodha ya majina yote kwa alfabeti, kila jina na namba ya boksi lake, itakuwa dakika tano,” nikasema. “Orodha ni kazi ya ziada. Nayo ina bei yake.”

“Orodha ndiyo ile alfabeti ambayo hukuifanya. Sitailipia mara mbili.”

Tukaanza. Nimefanya biashara na Wahindi, Wachina na Wachaga, lakini yule mama alikuwa mgumu kama fundo la kamba iliyolowa. Hakupandisha sauti hata mara moja. Mwisho tulifika hapa: orodha naifanya mimi kwa gharama yangu, meli tunaiacha iende, na gharama ya nafasi nyingine anailipa yeye, hakuna faini. Nikanyoosha kiwiko tukagongane, maana mikono ilikuwa imekatazwa.

“Na sharti moja,” akasema. “Aliyeipanga ndiye aimalize. Jina lake liingie kwenye mkataba. Mtu mwingine akigusa haya maboksi, hatajua lipi ni lipi.”

Nikasema bila shaka. Alipokwisha ondoka na gari lake nikamgeukia Spéciose kwa tabasamu.

“Haya, Mama Ikirezi. Mambo ya Ijumaa tuyasahau. Jumatatu tunaanza orodha.”

“Jumatatu siji.”

“Huji vipi?”

Alikuwa anajipangusa vumbi kwa khanga, hana haraka. “Ulisema Ijumaa unamaliza hesabu yangu. Nimeshampigia bosi wa wazee, amesema njoo Jumatatu.”

“Si umesikia alivyosema? Jina lako liko kwenye mkataba.”

“Kwenye mkataba wako na yeye, nimo. Kwenye wangu na wewe, niko wapi?”

“Tulisema miezi mitatu. Haijaisha.”

“Uliponifukuza haikuwa imeisha pia.” Akacheka chini ya barakoa, niliona macho tu. “Ninyi Wahaya bwana, kwa hesabu! Permanent, Dada. Na siku za hospitali za Nduwimana niwe naondoka saa nane, bila kukatwa. Uandike, nisome, Ikirezi naye asome.”

“Mara tatu kwa wiki? Unataka kunifilisi.”

“Basi mtafute anayemjua shangazi Isobel.”

Nilijaribu kumpa mara mbili kwa wiki. Nilijaribu saa tisa badala ya saa nane. Nilijaribu kumwambia kwamba nina malori hayatembei na mkopo wa benki, na yote yalikuwa kweli. Alisikiliza kwa huruma, kama alivyokuwa akiwasikiliza wazee wake, akanirudia na jibu lilelile. Jioni ile nikachapa mkataba. Ikirezi aliusoma kwa simu ya video, akasahihisha tarehe, akasema, “It's fine, Mum, sign it.” Spéciose akasaini juu ya boksi la akina Mackay.

Meli nyingine ilitoka Port Botany mwezi Desemba na maboksi yote. Bi Ailsa alipata nyaraka zinazoweza kurudishwa kwa wenyewe nyumba kwa nyumba, na akapoteza ofisi ambayo babu yake aliwahi kuifanyia kazi. Anastaafu, ameniambia atalima maua. Spéciose kazi ameipata, na Nduwimana hakuugua korona mwaka ule. Sasa yumo kwenye foleni ya kupata figo, na siku za kusafishwa damu mkewe anamkuta mlangoni pa hospitali akitoka. Lakini katika nyumba ile ya wazee walikufa wanne aliowaogesha miaka na miaka. Mazishi ya mmoja, bibi aliyemzoea kuliko wote, aliyatazama kwenye simu, amesimama katikati ya paleti zangu. Nilizima mashine ya kunyanyulia mizigo hadi ilipokwisha. Hayo yeye aliyalipa, wala hakuna mkataba wa kuyarudisha.

Mimi faida ya kazi ile yote iliishia kwenye orodha. Ila Bi Ailsa alisema na wenzake, na sasa nina nyaraka za mawakili wawili wa Parramatta, kazi ya miaka, nikiwatoza bei ambayo yeye asingeikubali kamwe. Nilichopoteza ni uhuru wa kutaja muda peke yangu. Kila zabuni ikija inabidi nimuulize Spéciose kwanza itachukua siku ngapi. Hutaja nyingi kuliko ninavyotaka, na mimi naandika alizotaja.